Mashimo ya Wasirikwa

 

Katika Matendo ya Mitume sura ya 2 twasoma kwamba siku ya Pentekoste walikuwapo Yerusalemu watu wa mataifa mengi, na miongoni mwao wametajwa Waelami. Jina hilo hulipita upesi tusomapo, kwa kuwa hatumjui Mwelami hata mmoja. Basi Elamu ilikuwa nchi yenye nguvu, upande wa kusini-magharibi wa nchi tuiitayo leo Iran. Mmojawapo wa miji yake mikuu ulikuwa Susa, ndio ule Shushani wa Esta na Nehemia. Yapata mwaka 1250 kabla ya Kristo, mfalme wa Elamu aliyeitwa Untash-Napirisha alijenga mji mzima wa mahekalu, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Susa. Katikati yake aliinua mnara wa ngazi, yaani jengo juu ya jengo, kila moja dogo kuliko lile la chini yake, na juu kabisa chumba cha mungu wao. Msingi wake una mita 105 hivi kila upande. Mfalme akaagiza matofali yaandikwe jina lake, mstari baada ya mstari wa ukuta, ili asije akasahauliwa.

Karne sita hivi zikapita. Ashurbanipal mfalme wa Ashuru akaja na jeshi lake akauangamiza mji ule. Mchanga ukaufunika, na wenyeji waliokuja baadaye wakapaita Chogha Zanbil, maana yake kilima cha kikapu, kwa kuwa machoni pao palifanana na kikapu kilichopinduliwa. Ni mwaka 1935 tu ambapo watu waliokuwa wakitafuta mafuta ya petroli waliliona umbo lake kutoka angani. Wataalamu wakaja wakachimba, matofali yakasomwa, na yule mfalme akapata tena jina. Siku hizi watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kwenda kuutazama mnara uliobaki nusu yake.

Nimewataja Waelami kwa sababu moja. Katika chuo cha theolojia wanafunzi hufundishwa habari za minara ya namna hii, maana yahusiana na habari za Babeli katika Mwanzo sura ya 11. Twaichora ubaoni, twaikariri kwa mtihani. Lakini mwulize mwanafunzi huyo huyo aliyezaliwa hapa Ziwa, au Soy, au Moiben, ni magofu gani ya kale yaliyo katika nchi yake ya Uasin Gishu. Atanyamaza. Tena huenda alfajiri hii amepita kando yake akipeleka maziwa.

Magofu yetu ni mashimo. Wenyeji huyaita mashimo ya Wasirikwa. Ukitembea kwenye miteremko ya nchi hii ya juu, kutoka upande wa Cherangani mpaka Nandi na Kericho, na kushuka mpaka Nakuru, utaona mahali ambapo ardhi imebonyea kama sahani kubwa. Upana wake ni mita 10 mpaka 20, na kina chake huzidi kimo cha mtu. Mara nyingi hayako peke yake. Mahali pengine yapo matano, pengine yazidi mia, yakifuatana kwenye ubavu wa kilima. Huku kwetu Uasin Gishu, ambako mawe ni mengi, kuta za mengi yake zimepangwa mawe, jiwe juu ya jiwe, bila udongo wala saruji. Kuta nyingine zingali zimesimama, na mtu angedhani mwashi ameondoka mwaka jana tu.

Nilikwenda kuyaona upande wa Moiben, katika shamba la mzee mmoja wa kanisa. Shamba lake si kubwa, na mashimo matatu yamo ndani yake. Moja alikuwa amekwisha kulijaza udongo na kupanda mahindi juu yake. La pili lilikuwa limeporwa mawe yake, kwa kuwa vijana walikuwa wameyachukua kujengea msingi wa nyumba, na sikuona la kuwalaumu, maana jiwe lililokwisha kuchongeka vizuri ni la thamani kwa mtu ajengaye. La tatu lilikuwa zima. Tulishuka ndani yake kupitia upande wa chini, palipokuwa na mlango mwembamba wenye mawe makubwa huku na huku. Mzee akasimama katikati akaniuliza, "Mchungaji, hili nalo nataka kulifukia mwezi wa tatu kabla ya kupanda. Lakini mke wangu anasema tutalaaniwa. Je, ni dhambi?"

Nikamwambia, "Mzee, si dhambi kulima shamba lako. Lakini kwanza tujue ni nini tunachokifukia."

Kwa maana mambo mengi yamesemwa juu ya mashimo haya. Wako wanaosema kuna hazina ndani yake, na wako waliochimba usiku wakitafuta fedha wakapata vigae vya vyungu na mifupa ya mbuzi. Wako wanaosema ni makaburi, wengine ni makao ya mashetani. Wazungu wa kwanza waliofika huku nao walikuwa na maneno yao. Wengine walidhani kwamba watu waliishi ndani ya mashimo hayo kama panya, wakiezeka paa juu yake. Wengine walidhani ni ngome za kujificha vitani.

Aliyeandika zaidi alikuwa Mwingereza G. W. B. Huntingford, mtu aliyekaa miaka mingi katika nchi hii na kujifunza lugha ya Kinandi. Mwaka 1933 alitoa makala akidai kwamba palikuwako zamani taifa moja lililoendelea sana, aliloliita Waazania, lililoshuka kutoka kaskazini. Alisema hao ndio waliochimba mashimo, wakapanga mawe ya kuta, wakajenga barabara na mifereji ya maji, kisha wakatoweka. Mababu wa watu aliowakuta hapa hakuwahesabia kazi hiyo.

Tusimcheke Huntingford peke yake. Huko kusini, katika magofu makubwa ya Zimbabwe, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Watu walichukua Biblia zetu wakatafuta humo malkia wa Sheba na dhahabu ya Ofiri, wakasema Mwafrika hawezi kuinua ukuta kama ule. Mtaalamu David Randall-MacIver alichimba huko mwaka 1905, naye Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, na wote wawili walisema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika wa mahali pale. Hata hivyo wako waliokataa kusikia kwa miaka mingi baadaye. Kwangu mimi hilo ni fundisho zito juu ya matumizi ya Maandiko. Mtu aweza kufungua Kitabu kitakatifu kusudi apate humo ruhusa ya kumdharau jirani yake.

Kwa upande wa mashimo yetu, ukweli ulikuja kwa kuchimba taratibu. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Wengine wakachimba Lanet. Kisha katika miaka ya 1960 mtaalamu J. E. G. Sutton alizunguka nchi hii yote ya juu, kilima kwa kilima, akiyahesabu mashimo na kuyapima, akichimba hapa na pale. Kitabu chake kilitoka mwaka 1973. Alionyesha kwamba wale Waazania hawakuwako kabisa. Mifereji ya Marakwet ilikuwa kazi ya watu wengine na wakati mwingine. Na mashimo ni nini?

Ni mazizi ya ng'ombe.

Najua msikilizaji mmoja hapo amevunjika moyo. Alitazamia mfalme, au angalau hazina. Lakini tazama jinsi jambo hili linavyojulikana, maana lapendeza. Upande wa chini wa kila shimo, nje ya mlango, kuna kichuguu cha udongo. Ukikichimba unaona tabaka juu ya tabaka la samadi iliyooza, majivu, mifupa na vigae. Ni uchafu wa zizi, uliotolewa asubuhi baada ya asubuhi na kutupwa palepale nje ya mlango. Mlango uko upande wa chini ili maji ya mvua na mkojo yateremke yatoke, wala ng'ombe wasisimame katika matope. Kila mfugaji anayenisikia anajua ubaya wa matope ya zizi mwezi wa nane huku kwetu! Na katika kuzoa na kufagia, sakafu ya zizi ilizidi kushuka chini.

Nao watu walikaa wapi? Nyumba zao ndogo za mviringo zilijengwa nje, zikishikamana na ukingo wa shimo, na mlango wa nyumba ukafunguka kuelekea zizini. Hapakuwa na njia nyingine ya kutoka. Mtu akitaka kwenda nje, sharti apite katikati ya ng'ombe wake. Kulizunguka shimo palikuwa na uzio wa miti. Mwizi akija usiku, haoni pembe hata moja, kwa kuwa mifugo iko chini. Akitaka kuingia, hana budi kupita katika ule mlango mmoja mwembamba uliolindwa, ambapo ng'ombe wawili hawapiti sambamba. Hata kama akiingia, atawatoaje ng'ombe 40 mmoja mmoja, huku wenye mali wameamka pande zote?

Walikuwa watu wa maziwa. Mifupa iliyochimbwa yaonyesha ng'ombe, mbuzi na kondoo, na jinsi walivyochinja yaonyesha kwamba waliwaweka wale wa kukamuliwa. Vyungu vyao vilipambwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, ikaacha alama. Wala tusidhani kwamba mahali penye mashimo mia moja palikaa jamaa mia moja kwa pamoja. Zizi likichakaa, au kichuguu kikizidi kuwa kikubwa mlangoni, walichimba jipya kando yake. Kwa hiyo kilima kimoja chaweza kuonyesha kazi ya vizazi vingi. Maisha haya yalianza karibu na mwaka 1200 baada ya Kristo, yakaendelea mpaka miaka ya 1700. Ni miaka 500! Tangu Wazungu wafike Uasin Gishu kulima mpaka leo haijafika hata miaka 130.

Sasa mweke mfalme wa Elamu upande mmoja, na hawa upande mwingine. Yule aliandika jina lake juu ya matofali kwa maelfu. Hawa hawakuandika neno lolote. Hata jina Sirikwa ni jina walilopewa na waliofuata, walipokuwa wakieleza habari za watu wa zamani wa mashimo. Yule alijenga kwenda juu, hawa walichimba kwenda chini. Ya mfalme nimewaeleza kwa ufupi, maana vitabu vimejaa habari zake. Lakini mimi nikisimama ndani ya lile zizi la Moiben, nikaona jinsi mtu alivyochagua jiwe bapa akaliweka juu ya lingine lisianguke, namwelewa mtu huyo kuliko ninavyomwelewa Untash-Napirisha. Alikuwa na ndama. Aliogopa usiku.

Je, walikwenda wapi? Hapa ndipo penye jambo lililonifanya nizungumze jioni hii.

Wazee wa jamii za Wakalenjin wanasimulia kwamba Wasirikwa walikuwa na ng'ombe wengi wenye pembe ndefu, kwamba walishindwa na Wamaasai, na kwamba walihamia kusini, wengine wasema mpaka Tanzania. Ni masimulizi ya heshima nami siyadharau. Lakini kaa na wazee hao hao kwa kikombe cha pili cha chai, uwaulize habari za koo. Utasikia kwamba ukoo fulani wa Pokot asili yake ni Sirikwa. Ukoo fulani wa Keiyo, vivyo hivyo. Wako pia kati ya Marakwet, na kati ya Nandi, na kati ya Sengwer wa Cherangani. Basi, ikiwa walihama wote, hawa wametoka wapi?

Wataalamu wanasema, nami naona ndivyo, kwamba watu wa mashimo kwa sehemu kubwa hawakwenda popote. Katika karne ya 17 na ya 18 Wamaasai walienea katika nyanda hizi na namna mpya ya kufuga na kupigana. Zizi la shimoni, lililofaa dhidi ya wezi wachache wa usiku, halikufaa dhidi ya jeshi la vijana mia kadhaa wenye mikuki. Watu wakaacha kuchimba. Wakabadili kukaa kwao, wakaunda majeshi yao ya rika, wakahamia misituni na kwenye miteremko. Wengine wakaingia kwa Wamaasai wenyewe. Wajukuu wao wakayatazama mashimo kilimani wakasema, "Haya ni ya Wasirikwa, watu wa zamani." Walikuwa wanazungumza habari za babu zao.

Na nyanda hizi hazikubaki mikononi mwa mmoja. Jina lenyewe Uasin Gishu ni jina la kundi la Wamaasai waliolisha hapa. Katika karne ya 19 nao wakavunjwa, kwanza na Wamaasai wenzao, kisha na Wanandi. Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 alikuta nchi tupu, nyasi na wanyama wa porini tu. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi nchi hii hii ya Uasin Gishu iwe makao yao! Jambo hilo lililetwa mbele ya mkutano wao mkuu mjini Basel, na mapema mwaka 1905 wajumbe watatu wakaja kuitazama. Mwaka huo huo mkutano ukakataa, maana moyo wao ulikuwa Sayuni. Hebu wazia, msikilizaji wa Ziwa, kama wangekubali. Mwaka huo huo wa 1905, mwezi wa Oktoba, kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Waingereza, na watu wake wakasukumwa. Mwaka 1908 Makaburu wakaja na magari yao ya kukokotwa na maksai, wakagawiwa mashamba. Huo ndio mwanzo wa mji wa Eldoret. Wale walikuta mashimo katika mashamba yao, wakalima kuyazunguka, kwa sababu plau ya maksai haishuki shimoni.

Baada ya uhuru wa 1963 mashamba hayo yaligawanywa na kununuliwa. Wakaja Wakalenjin wa kila jamii, Wakikuyu, Waluhya, Wakisii, Waturkana na wengine. Jina la Sirikwa likapendwa. Hoteli moja kubwa ya Eldoret iliitwa Sirikwa, na hata leo utaliona katika majina ya mahali na ya vikundi. Sina neno juu ya hoteli. Lakini nimelisikia jina hilo likitumiwa kwa namna nyingine, katika matanga na katika mikutano ya siasa. Kijana anasimama na kusema, "Sisi ndio Wasirikwa, sisi ndio wa kwanza, na wengine ni wageni." Na mwingine anajibu, "Wasirikwa waliisha zamani, nchi ilikuwa tupu, kwa hiyo ni ya kila aliyenunua." Wote wawili wanashika jiwe la zizi moja ili wapigane nalo.

Hatuzungumzi mambo ya kuwaziwa tu. Tuliona mwaka 1992. Tuliona zaidi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi yote ilipopoteza watu zaidi ya 1,100. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa, si mbali na mji wa Eldoret, kanisa lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliolikimbilia, na wanawake na watoto wakafa humo. Sisi tuhubirio katika wilaya hii hatuwezi kuzungumza habari za nani alitangulia kana kwamba ni swali la darasani.

Kwa hiyo nawaomba mfungue Kumbukumbu la Torati sura ya 2. Ni sura ambayo wahubiri wachache huichagua. Hapo Musa anawasimulia Israeli njia waliyopita, na kila nchi anayoitaja anasimama kidogo kueleza ni nani waliokaa pale zamani. Moabu walikaa Waemi. Seiri walikaa Wahori kabla ya wana wa Esau. Pwani karibu na Gaza walikaa Waavi kabla ya Wakaftori. Kwa nini apoteze wakati na majina ya watu waliokwisha kupita? Mimi naona alitaka wajue, kabla hawajaingia katika nchi, kwamba hakuna nchi isiyokuwa na wa kwanza mbele ya wa kwanza. Na katika sura ya 6 anawaambia watakula katika mizabibu wasiyoipanda na kunywa katika visima wasivyovichimba, nao wasisahau.

Tena lipo jambo la Arauna. Hekalu la Sulemani, ambalo fahari yake iliwashinda wafalme wengi, lilijengwa wapi? Samweli wa Pili sura ya 24 na Mambo ya Nyakati wa Pili sura ya 3 zinatueleza kwamba mahali pale palikuwa kiwanja cha kupuria nafaka, mali ya Arauna Myebusi. Myebusi! Mtu wa lile taifa la zamani la Yerusalemu, ambalo Daudi aliuteka mji wake. Baada ya vita, Arauna alikuwa angali pale, akipura ngano yake, ana ng'ombe wake na vyombo vyake. Daudi, mfalme, angeweza kukichukua kile kiwanja. Arauna hata alitaka kumpa bure. Daudi akakataa, akalipa shekeli 50 za fedha. Myebusi hakufutwa, wala kiwanja chake hakikuporwa. Mahali patakatifu pa Israeli palikuwa kwanza mahali pa kazi pa mkulima wa watu wa kabla yao, na Maandiko hayaoni haya kutuambia hivyo.

Narudi sasa kwa mashimo, maana yako katika hatari isiyongoja siasa. Gedi kule pwani iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, ngome nzuri ya mawe, iliingizwa mwaka 2018. Hyrax Hill ina jumba lake la makumbusho, na watoto wa shule hupelekwa. Lakini mamia ya mashimo ya huku kwetu yamo katika mashamba ya watu wa kawaida, ekari tano, ekari mbili. Trekta haliogopi shimo kama maksai walivyoogopa. Baba akifa, shamba hugawanywa kwa wana wanne, na yule aliyepata sehemu yenye shimo hujiona amepunjwa. Namwelewa. Halimpi gunia hata moja. Hata hivyo iko sheria ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi wa nchi, nayo yataka mtu akigundua vitu vya kale atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa. Naomba wazee wa kanisa walio na mashimo katika mitaa yao wayahesabu tu, waandike yako mangapi na katika shamba la nani. Kazi hiyo yaweza kufanywa na vijana wa kipaimara kwa Jumamosi mbili, nao watajifunza zaidi kuliko katika hotuba yangu hii.

Yule mzee wa Moiben na mkewe walizungumza sana. Mwezi wa tatu alilima mpaka kwenye ukingo wa shimo la tatu, akaliacha. Ameweka mti mlangoni. Mvua ikiwa si kubwa, ndama wake hulala humo.

Bwana awe nanyi. Kwaherini mpaka juma lijalo.